Madeni ya Mikindani

Nilihamia Mikindani Agosti 2018 kwa sababu moja tu, kodi ya nyumba. Kwa fedha niliyokuwa nalipia chumba na sebule Mtwara mjini, huku nilipata nyumba nzima yenye ua, mpapai na minazi miwili, na mwenye nyumba akakubali nilipe miezi sita badala ya mwaka. Ni kilomita 10 hivi kutoka mjini kwa barabara ya lami ya kwenda Lindi, na daladala hazikatiki. Nikapanga mambo yangu: mjini nitafanya kazi, mjini nitanunua, mjini nitakuwa na marafiki. Mikindani nitalala.

Mimi ni mhasibu. Nimezaliwa Singida, nimesomea Dar es Salaam, na kilichonileta kusini ni ajira kwenye kampuni ya wakala wa forodha inayoshughulika na korosho zinazopita bandarini. Kazi nayo ni tabia. Mtu akinipa kitu, kichwa changu huandika deni, na hakitulii mpaka kiandike limelipwa.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, bibi wa nyumba ya pili alimtuma mjukuu wake na sahani ya bati yenye maua ya bluu, imefunikwa kawa. Ndani kulikuwa na muhogo wa nazi na vipande vya pweza. Mtoto akasubiri mlangoni. Nikahamisha chakula, nikaosha sahani haraka haraka, nikamrudishia na noti ya shilingi 2,000 juu yake. "Mwambie bibi asante sana."

Hadi leo nikikumbuka masikio yananiwaka. Jioni ile ile bibi alikuja mwenyewe, polepole, kanga mbili, akapiga hodi, akasubiri, akapiga tena. Akakaa barazani. Akaniuliza habari za Singida, mvua za Singida, wazazi wangu, mbuzi wa wazazi wangu. Alipomaliza mbuzi, akafungua pindo la kanga, akaitoa ile noti na kuiweka juu ya mkeka.

"Mjukuu wangu, mimi sina mgahawa."

Nikamwomba radhi. Akacheka, akanipiga kofi dogo la goti. "Sahani hairudi tupu, hilo ni kweli. Lakini hairudi leo."

Nusu ya kwanza ya maneno yale niliijua tangu utotoni, hata kwetu tunasema hivyo. Nusu ya pili ilinichukua miaka kuielewa.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha daladala ni kama mita 300. Wiki ya kwanza nilizitembea kwa dakika nne. Wiki ya pili nilichelewa kazini mara mbili, maana nilishaanza kujulikana. Mikindani ukimsalimia mtu huku unatembea, hujamsalimia, umempita. Shikamoo ni ya kufungulia mlango tu. Baada yake huja umeamkaje, homa imepoa, na yule mgeni wako wa juzi kafika salama? Nami najiuliza: homa yangu wameijuaje? Mgeni aliingia saa nne usiku, nani alimwona?

Fundi mashua mmoja, mtu mzima ambaye kila mtu humwita mjomba, aliniambia asubuhi moja huku akiziba nyufa za chombo chake kwa pamba: "Jana taa umezima saa saba usiku. Mahesabu hayo yatakuua." Nilikasirika. Jumamosi nikaenda mjini nikanunua mapazia mazito, nikayafunga mchana na usiku. Jumatatu watu watatu walinisimamisha njiani kuniuliza nani anaumwa mle ndani.

Wageni kutoka Dar es Salaam hupaita Mikindani kijiji, na wenyeji hukasirika kimyakimya. Wana haki yao. Mahali hapa palikuwa mji wa majahazi kabla Mtwara haijawa na barabara hata moja. Nyumba za mawe na milango ya nakshi bado zipo, nyingine zimeota miti juu ya kuta. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866, na Boma lililoko kilimani Wajerumani walilijenga mwaka 1895; sasa ni hoteli. Kisha miaka ya mwisho ya 1940 Waingereza wakaja na mradi wao wa karanga, wakataka bandari ya kina kirefu kwa meli kubwa na reli ya kwenda Nachingwea. Ghuba ya Mikindani ina maji machache. Bandari ikajengwa Mtwara, mji ukaifuata bandari. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951, reli ikaja kung'olewa, ila mji haukurudi. Mjomba fundi mashua hulieleza hili kama mtu anayesimulia mke aliyeondoka na vyombo vya ndani. Kwake yeye Mtwara ni shamba lililopata bahati.

Kwa hiyo tunachokiita ukijiji hapa si ushamba. Ni mji uliobaki na watu wake tu, na watu hao wamejuana muda mrefu mno kuweza kujifanya hawajuani.

Msimu wangu wa kwanza wa korosho ulikuwa ule wa vurugu. Oktoba 2018 wakulima waligomea bei za mnadani, na Novemba serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Watu walishangilia. Kisha ukaja uhakiki, wengine wakalipwa mapema na wengine wakasubiri hadi mwaka uliofuata. Majirani zangu wengi wana mikorosho nyuma ya vilima, si mingi, lakini ada za shule, bati na mahari zote hungoja mikorosho hiyo. Duka la kona likawa linaendeshwa kwa daftari.

Mwenye duka alikuwa mama mjane wa makamo. Daftari lake lilikuwa la shule, limechoka, lina majina na alama za vijiti, halina tarehe wala jumla. Nilishindwa kulitazama. Jumapili moja nikamwomba anipe nilipange. Nikachora safu, nikaweka tarehe kadiri alivyokumbuka, nikapiga jumla kwa wino mwekundu. Mteja mmoja alikuwa anadaiwa shilingi 186,000. Nikamshauri amsimamishe huyo mpaka apunguze.

Akalitazama lile jina kwa muda. "Huyu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mume wangu," akasema. "Hiyo utaiandika safu gani?"

Nikamrudishia kalamu. Sikuwa na safu hiyo. Ila niseme ukweli, lile duka lilikaribia kufa mwaka ule, na mimi sijaacha kuamini kwamba tarehe zingemsaidia. Wakati mwingine ukarimu wa hapa humla mwenyewe.

Januari 2019 akafariki ndugu wa bibi wa sahani. Niliondoka kazini mapema, nikaenda mazikoni, nikatoa bahasha ya shilingi 50,000 na kuaga baada ya nusu saa, kwa sababu kulikuwa na nyaraka za meli ofisini. Nilijiona nimetenda vizuri kuliko wengi. Siku ya kuanua tanga nilirudi, na hapo ndipo nilipojua kwamba daftari la rambirambi husomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Fulani, shilingi 1,000. Fulani, shilingi 2,000. Fulani, mzigo wa kuni. Fulani, mchele kilo tatu. Mhasibu, shilingi 50,000. Hakuna aliyeguna wala kushangaa. Msomaji akaendelea tu.

Watu walipoanza kutawanyika mjomba akanisogelea, akazungumza chini kwa chini ili nisiaibike. "Elfu hamsini yako imefika, tumeiona. Wewe mwenyewe unafika lini?"

Nilikuwa nimedhani watu wa mahali kama hapa hawahesabu. Wanahesabu sana, pengine kuliko mimi, na wana daftari kabisa. Tofauti ni kinachohesabiwa. Nilijifunza kukaa msibani. Kukaa tu, mkekani chini ya turubai, kuzungumzia Simba na Yanga, kunyamaza, kuhamia kivulini jua linapogeuka. Kwa mtu wa ofisini hiyo ni kazi ngumu ajabu. Mwili unatafuta la kufanya. Mwaka wa pili wakaniachia kubeba maturubai. Wa tatu wakanipa daftari niandike. Mara ya kwanza nikiwa na kalamu, akaja kijana asiye na kitu, nikasita. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaniambia, "Andika: amelala hapa siku tatu." Nikaandika kwenye safu ya fedha.

Kuhusu ngoma nitasema kidogo. Desemba ya kwanza, shule zikiwa zimefungwa, walitoa wali, yaani watoto waliomaliza jando, nyumba ya tatu kutoka kwangu na ngoma ikalia usiku kucha. Saa nane usiku nikavaa viatu kwenda kumlalamikia mwenyekiti wa mtaa. Sikumkuta nyumbani. Nilimkuta uwanjani katikati ya ngoma, filimbi mdomoni, jasho linamtoka, akanionyesha pa kukaa. Nikakaa.

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja. Matangazo yakawataka wanaoishi mabondeni na karibu na bahari wahamie sehemu za juu. Anga lilikuwa la rangi ya bati, bahari imenyamaza kwa namna ambayo mjomba hakuipenda. Mimi nilikuwa nafikiria kupanda bodaboda nikapange chumba kwenye gesti mjini. Kabla sijafunga begi, mjukuu wa bibi na vijana wawili wakaingia, wakachukua godoro langu na sanduku la vyeti, wakapandisha navyo kilimani. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali.

Tulikusanyika kwenye nyumba kubwa ya mawe, wanawake vyumbani, wanaume barazani na ukumbini. Upepo ulipoanza, wazee wakaanza kuhesabu watu, na nikasikia umbea wote wa mwaka mzima ukifanya kazi. Yule wa nyumba ya kona haonekani. "Yeye analala fofofo na hujifungia kwa ndani, gongeni dirisha la nyuma, la mbele halisikiki." Na binti wa mwuza vitumbua? "Yuko kwa dada yake Naliendele tangu Jumanne, msimtafute." Mzee asiyeona? "Mjukuu wake kasafiri, yuko peke yake, nendeni wawili." Na mhasibu? "Yupo hapa, kavaa soksi." Walijua kila mlango unavyofungwa na kila mtu anavyolala. Walijua kwa sababu walikuwa wakichungulia.

Kenneth akaingia Msumbiji, Cabo Delgado, akaua watu huko na kubomoa vijiji. Sisi tulipata mvua, upepo na minazi michache chini. Asubuhi nikarudi nyumbani, nikafungua mapazia. Yale mazito niliyatoa wiki ile, kwa sababu ya ukungu zaidi kuliko falsafa.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo nimelizunguka.

Mwaka 2021 nilinunua kiwanja, juu kidogo ya nyumba niliyopanga, kwa mzee aliyetaka kuhamia kwa mwanawe. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, muhuri ukagongwa. Nilikuwa mwangalifu na karatasi, kama ilivyo kawaida yangu. Kwa karatasi Mikindani ni mitaa ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, na tofauti ya mtaa na kijiji si ya jina tu. Kijiji kina ardhi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kina halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kuijadili ardhi hiyo. Mtaa hauna hayo. Mtaa una mwenyekiti, mtendaji na muhuri, na mipango ya ardhi hufanywa manispaa. Kiwanja changu kilikuwa na mipaka minne, na ndani ya mipaka hiyo karatasi haikuonyesha kitu.

Lakini kilikuwa na kijinjia. Kilikatiza pembeni kwa mshazari, chembamba, kimechimbika kwa nyayo. Nikakiona kama ninavyoona nyasi. Nikajenga nyumba, nikapiga ukuta wa tofali pande zote, na geti jeusi.

Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo la ajabu, na laiti ningekuwa nimezaliwa hapa ningelisikia kama kelele. Salamu zilifupika. Shikamoo, marahaba, basi. Hakuna aliyeuliza taa nimezima saa ngapi. Sahani ya maua ya bluu ikaacha kuja. Nikadhani watu wana kazi, ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, wako mashambani. Karibu miezi miwili ikapita hivyo, na mimi nikaanza hata kufurahia utulivu, mpaka jioni moja niliporudi kwa bodaboda nikampita bibi kwenye barabara kubwa, ndoo ya maji kichwani, magari yakimpuliza kanga. Nikamshusha ndoo, nikamuuliza anafanya nini huku barabarani.

"Natoka kisimani, mjukuu wangu."

Kisima kiko nyuma ya nyumba yangu. Kilikuwa dakika tano kutoka kwake kwa ile njia. Bibi hakulitaja neno ukuta. Aliniuliza habari za mama yangu.

Usiku ule nilikaa barazani kwangu ndani ya ukuta wangu nikaanza kupiga hesabu ya nani alikuwa akipita pale. Wanawake wa kisimani. Watoto wa madrasa, alasiri. Bamvua ikifika, wakati maji yanapotoka mbali, kina mama wenye ndoo na vijiti wakishuka kutafuta pweza na chaza. Wavuvi alfajiri. Wote hao walikuwa wakipita kwenye ile ardhi kabla muuzaji wangu hajazaliwa, na aliponiuzia hakunitajia, kwa sababu hakuna mtu anayemtajia mwenzake kwamba mvua hunyesha.

Nikamwendea mjomba. Nilitaka anilaumu ili nimjibu kwa karatasi. Hakunilaumu. Akaendelea kuchonga ubao, kisha akasema, "Ukuta mzuri. Tofali zake nzito?" Nikasema nzito. "Basi anza mapema, kabla ya jua."

Jumamosi nikaanza mapema. Nilivunja upande mmoja wote, nikausogeza ukuta ndani mita moja na nusu, njia ikapita nje ya mpaka wangu mpya, imenyooka kidogo kuliko zamani. Vijana wawili walikuja kunisaidia kubeba tofali, sikuwaita. Nilipowapa fedha jioni, mmoja akaipokea na mwingine akakataa, na nilishajua kutolifanya kuwa jambo. Fundi akanidai kwa kazi ya kujenga mara mbili ukuta ule ule. Ile gharama naikumbuka hadi senti, na siwezi kudai haikuniuma.

Nilidhani njia ikifunguka sahani itarudi. Haikurudi. Watu walipita, wakanisalimia vizuri, hata wakasimama. Sahani haikuja mwezi ule wala uliofuata. Nikajaribu mimi kupeleka. Bibi akapokea kwa heshima zote, akashukuru, akanyamaza. Nilitaka kosa langu lifungwe mwisho wa mwezi kama vitabu vya ofisini, na wenzangu hawakuwa na mwisho wa mwezi.

Ramadhani iliyofuata, jioni moja kabla ya adhana ya magharibi, nikasikia hodi. Yule mjukuu, sasa ana ndevu mbili tatu, na sahani ya maua ya bluu. Magimbi ya nazi. Hakusubiri nioshe.

Nikakaa nayo wiki mbili. Nikairudisha na machungwa. Ikaja na samaki wa kukausha. Nikairudisha na karanga kutoka Singida. Haikuwahi kulingana, mara mimi nimezidi, mara yeye, na hakuna aliyekuwa akifuatilia, au pengine sote tulikuwa tukifuatilia.

Bibi alifariki mwaka 2023. Nililala msibani siku zote tatu, na daftari niliandika mimi, kurasa kumi na moja. Niliporudi nyumbani kuoga ndipo nilipoiona sahani yake kabatini kwangu. Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimechelewa, nikisubiri mapapai yaive.

Nikasubiri arobaini ipite. Kisha nikamwomba mwuza vitumbua anipikie vya shilingi 5,000, nikavipanga juu ya yale maua, nikapita kwenye kijinjia na kupiga hodi nyumba ya pili. Binti yake alinipokea, akanikaribisha ndani, akaniuliza habari za Singida. Hakuna aliyetaja sahani. Aliichukua akaiweka mezani nami nikaondoka mikono mitupu, nikidhani basi, imekwisha.

Ijumaa iliyofuata alikuja mtoto wa kike wa miaka saba hivi, kitukuu, ambaye sikuwahi kusema naye. Sahani imemshinda uzito, ameikumbatia kifuani, kawa imepinda. Ndani mlikuwa na ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, bado ya moto. Aliniamkia, akageuka, akakimbia kwa njia ya kisimani.